Mzee Liswaniso Mubiana na Misumari ya Kona ya Nalikutu, 1941–2018

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa kambi na ninyi mliosafiri kutoka Senanga, Sesheke na Livingstone, familia inawashukuru kwa kufika. Tunawasomea maisha ya baba yetu jinsi alivyoyaishi, na sehemu moja tunaisoma kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza isomwe. Ni ndefu kuliko ilivyo desturi. Tunaomba mtuvumilie.

Marehemu Mzee Liswaniso Mubiana alizaliwa tarehe 12 Juni 1941 katika kijiji cha Liyoyelo, wilaya ya Senanga, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Mubiana Sikota na Mama Mwangala. Ulikuwa wakati maji ya mafuriko yanapungua na watu wanashuka kutoka miinukoni kurudi uwandani. Bibi, kama tulivyosimuliwa, alipenda kusema kwamba mwanawe huyo alifika nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa ndani ya mtumbwi, katikati ya mitego ya samaki na kuku watatu, na kwamba kuku walilia njia nzima lakini mtoto hakulia. Alibatizwa mwaka uleule na mwinjilisti aliyekuwa akipita vijijini.

Alianza masomo mwaka 1950 katika shule ya misheni ya Sefula. Alipenda hesabu kuliko somo lolote, na maandiko ya Kilozi aliyasoma kwa sauti iliyowafanya walimu wamteue kusoma ibadani. Mwaka 1956 babu yetu alifariki, na ng'ombe wakabaki bila mchungaji. Baba alirudi nyumbani akiwa amemaliza darasa la sita. Hakulalamika juu ya jambo hilo, ila kila mtoto wake alipoleta ripoti ya shule, alikaa nayo muda mrefu, akisoma hata yale maneno madogo ya chini yasiyomhusu mtu.

Mwezi Aprili 1961, akiwa na umri wa karibu miaka ishirini, alitembea siku sita na binamu yake hadi hapa Nalikutu kutafuta kazi. Wazee mnaikumbuka Nalikutu ya wakati ule: msumeno mkubwa uliolia tangu saa kumi na mbili asubuhi, vumbi jekundu la mbao lililoingia hadi kwenye ugali, na harufu ya mukusi mbichi iliyokuwa tamu kama asali iliyoungua. Kampuni ilikata mukusi msituni, ikapasua mataruma, na reli yenyewe ya kutolea magogo ikalazwa juu ya mataruma hayo hayo. Binamu yake aliingia kiwandani. Baba alipelekwa kwenye reli, Genge la Nne, akapewa nyundo.

Vijana wa siku hizi wameiona reli kwenye picha tu, kwa hiyo tueleze kidogo. Mukusi ni mti mgumu. Ukipiga msumari wa reli juu yake bila kutoboa kwanza, msumari unapinda na taruma linapasuka. Kwa hiyo kuna mtu wa keekee anayetoboa mashimo manne kwa kila taruma, mawili kwa kila reli. Shimo linatakiwa kuwa jembamba kidogo kuliko msumari, ili mti uung'ang'anie. Kisha anakuja mpiga nyundo. Mnyapara anaweka fimbo ya kipimo kati ya reli mbili, upana ukikubali anainua kidole, na msumari unapigwa mpaka kichwa chake kiukalie ukingo wa reli kama mkono begani. Pigo la mwisho liwe dogo. Ukilipiga kwa hasira, shingo ya msumari inapata ufa usioonekana.

Mtoboaji wa genge lile alikuwa kijana wa rika lake kutoka upande wa Sesheke, Simasiku Ndopu. Walilala chumba kimoja miaka minne, wakala sufuria moja, wakaimba sauti ya tatu pamoja katika kwaya ya kambi. Simasiku alikuwa na tabia ya kuhesabu. Alipomaliza kutoboa alikaa juu ya reli, akawa anahesabu mapigo ya mwenzake kwa sauti ya chini. Msumari uliokwenda vizuri katika shimo lake ulichukua mapigo kumi na moja au kumi na mawili.

"Kumi na nne," alikuwa akisema. "Ndugu yangu, unaupiga au unaubembeleza?"

"Shimo lako jembamba kama roho yako," baba alimjibu. "Toboa kama mtu aliyekula."

"Nikitoboa pana, utalala saa ngapi? Si utamaliza kazi mapema ukaanza kunikopa sukari."

Genge zima lilifanya kazi kwa mazungumzo hayo, mwaka baada ya mwaka, na wale waliokuwapo wanasema hawajawahi kucheka tena namna ile.

Kwenye kituo kidogo cha maji, kilomita tisa kutoka kambini, palikuwa na msichana aliyeuza karanga za kuchemsha, Nasilele Wamunyima. Kigoda chake kilikuwa na mguu uliolegea. Siku moja baba alikiomba, akakipeleka kwa Simasiku akatoboa, kisha yeye akachonga kipande cha mukusi na kukigongomelea mguuni. Juma lililofuata akarudi kuuliza kama kigoda kinakaa sawa. Juma la tatu akauliza tena. Mama yake Nasilele akamwambia, "Kijana, useme umekuja kununua karanga au kukagua viti. Maana viti vyetu vyote ni vizima sasa." Walifunga ndoa kanisani hapa Nalikutu tarehe 6 Julai 1968, Simasiku akiwa msimamizi wa bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto wanne: Inonge, Sitali, Mundia aliyetangulia mbele za haki mwaka 2004, na Namakau.

Sasa tunafika kwa ng'ombe wa Genge la Nne, hadithi ambayo wengi wenu mnaijua. Jumamosi tarehe 23 Oktoba 1971, kuelekea sikukuu ya uhuru, kampuni ilitoa ng'ombe dume kwa genge litakalofunga reli mpya haraka zaidi. Palikuwa na vipande viwili sawa, mataruma mia moja na ishirini kila kimoja, Genge la Nne upande wa kona, pale reli inapopinda, na Genge la Sita upande wa kituo cha maji. Mashimo yalitobolewa wiki nzima kabla, na siku ile ikawa kazi ya nyundo tu. Genge la Sita lilikuwa na wanaume wakubwa kama milango. Hadi saa sita walikuwa mbele. Kisha baba akashika mataruma arobaini ya mwisho, pale katikati ya kona, na watu wakaacha vyakula vyao kwenda kumtazama. Nyundo ilipanda na kushuka bila kukosea, msumari baada ya msumari, na kila mmoja ulizama kana kwamba mti ulikuwa umeuita. Genge la Nne lilishinda kwa mataruma kumi na moja. Mnyapara wa Genge la Sita alisema, "Huyo si mtu, huyo amelishwa kitu." Dume lilichinjwa jioni ileile. Watu walikula, wakacheza hadi ngoma ikapasuka.

Hadithi hiyo imesimuliwa katika kila harusi ya kambi hii. Lakini mtakumbuka kwamba baba mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Ikianza, alitoka nje kuangalia mbuzi. Sisi watoto tulidhani ni unyenyekevu.

Alhamisi tarehe 17 Agosti 1972, treni ya magogo iliacha reli katika kona hiyo. Reli ya nje ilikuwa imesukumwa ikafunguka. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu, ila mchochea moto alivunjika bega, na mabehewa manne yakalala mchangani. Baba hakuwapo. Alikuwa Liyoyelo, wiki ya pili, kwenye msiba wa mama yake. Mhandisi alikuja, akachomeka kijiti katika mashimo yaliyoachwa na misumari, akaona ni mapana, akaandika kwamba mtoboaji alitumia keekee iliyozidi kipimo. Simasiku Ndopu alifukuzwa kazi, akapewa siku tatu kuhama nyumba ya kampuni. Alirudi kwao ng'ambo ya mto Machile. Jina la Shimo Pana lilimfuata huko, na baadhi yetu tuliopo hapa tumelitumia, tena kwa kicheko.

Baba aliendelea na kazi. Mwaka 1980 alifanywa mnyapara wa Genge la Nne, na katika muda wake wote hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1996, hakuna reli iliyofunguka kwenye kipande chake. Alifundisha vijana wengi. Aliwafundisha kusimama miguu ikiwa imeachana, kuacha uzito wa nyundo ufanye kazi, na kusikiliza: msumari ulioshika hulia kwa sauti nyembamba, uliolegea hulia kwa sauti ya debe. Alikuwa na amri moja iliyowachekesha. Hakuna aliyeruhusiwa kula karibu na ndoo za misumari. Ukiwa na samaki wa kukaanga mkononi, ulienda hatua hamsini, ukala, ukanawa kwa mchanga, ndipo ukarudi. Vijana walinong'ona, "Mzee anaogopa mafuta kuliko nyoka."

Jumapili baada ya ibada alikuwa akitembea peke yake juu ya reli, kwenda na kurudi, nyundo begani. Mama alimwekea chakula chini ya sahani. Alirudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi, akasali kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji.

Reli iling'olewa mwaka 1999, baada ya msitu kuisha. Mataruma yakauzwa, na leo ndiyo nguzo za mazizi mengi ya hapa jirani. Ukiyatazama utaona matundu manne manne. Mvua na mchwa wa miaka hiyo yote havijaweza kuyaondoa. Baba alikuwa akipita zizi la mtu, anasimama, anatia kidole katika tundu, kisha anaendelea na safari. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa. Alilima mahindi na karanga, alifuga mbuzi, na alipenda maziwa ya mgando kuliko chakula chochote kilichowahi kupikwa.

Afya yake ilianza kudhoofika mwezi Machi 2016. Miguu ilivimba, na kupanda ngazi mbili za kanisa kukawa kazi. Madaktari mjini Livingstone walisema ni moyo. Alilazwa mara tatu. Mara ya tatu, mwezi Agosti mwaka huu, aliomba kurudishwa nyumbani. Asubuhi ya tarehe 26 Agosti, akiwa amekaa barazani, alimwita mama, akamwita Sitali, kisha akaniita mimi Inonge, binti yake wa kwanza, akaniambia nilete daftari.

"Andika ninavyosema," alisema. "Usipambe. Nikifa, utasoma."

Haya ndiyo aliyoyasema. Usiku wa kuamkia mashindano, alichukua mafuta ya ng'ombe kwa mchinjaji, akayayeyusha, akayatia katika kopo la kakao, na humo akachovya misumari mia moja na sitini. Kisha akaigaragaza katika majivu ili ising'ae. Ndiyo sababu ilizama upesi. Hakuna mwingine aliyejua. Mvua zilipoanza mti ulivimba, ukaishika hata hivyo. Lakini kufika mwezi Mei mti ulikauka, na misumari ile ikaanza kupanda yenyewe kila treni ilipopita. Baba aliiona. Kila Jumapili alikwenda kuigongomea chini tena, na kila ilipopanda na kushuka ilikula ukuta wa shimo. Mwezi Agosti alikwenda kumzika mama yake. Wiki mbili hakukuwa na mtu wa kuigongomea.

"Simasiku alitoboa kwa kipimo," alisema. "Mhandisi alipima shimo lililoliwa na msumari wangu. Nilisimama mlangoni pa ofisi nikasikia kila kitu. Nilikuwa na mke mjamzito, na Inonge alikuwa mgongoni. Nikajiambia nitasema kesho."

Sitali akamuuliza, "Na kesho yake, baba?"

"Kesho yake alikuwa ameshapanda gari la ng'ombe na godoro lake."

Alituambia kwamba alikwenda kijijini kwa Simasiku mara tatu ili kumwambia, na mara tatu alirudi bila kusema. Alilia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona hata alipomzika Mundia. Kisha akamwomba mama maji, akasali nasi. Tangu siku ile alipata usingizi, na mama ni shahidi.

Baba alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Jumatano familia ilikaa kupanga mazishi. Si siri kwamba hatukukubaliana. Baba mdogo Kufekisa, mdogo wake marehemu, naye ni mzee wa kanisa, hakutaka daftari lile lisomwe, na ametoa ruhusa tuseme hivyo.

"Wasifu ni wa kumsindikiza mtu," alisema. "Mnataka kumsindikiza kwa kumshtaki? Na huyo mwenzake si amezeeka ameshasahau? Mnakwenda kumwamsha kwa nini?"

Sitali akasema, "Baba mdogo, aliagiza."

"Mgonjwa huagiza mengi. Kaka yangu aliagiza pia azikwe na redio."

Mama alikuwa ameketi kona ya chumba, amejifunika kitenge. Kisha akasema, "Shemeji, miaka arobaini na sita alikuwa akishtuka kitandani kwangu, si kwako. Someni."

Baba mdogo aliivua kofia yake, akaiweka magotini. Mwishowe akasema, "Kama ni lazima isomwe, basi mwenyewe aijue kwanza. Asiisikie katikati ya watu. Inonge, kesho nitakupeleka."

Alhamisi tulivuka Machile kwa pikipiki yake. Tulimkuta Mzee Simasiku uani akipukuchua mahindi. Tulipiga magoti, tukapiga makofi ya salamu, naye akajibu bila kuinuka, maana magoti yake hayafanyi kazi tena. Baba mdogo akamwambia kwamba Liswaniso amefariki.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuwa najiuliza nani atakuja."

Nilimweleza yote, kama yalivyo katika daftari. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza, "Mafuta ya nini?"

"Ya ng'ombe, baba."

"Ya figo," alisema. "Ya figo ndiyo huteleza vile. Ya mgongoni yangechuruzika."

Baba mdogo akamtazama. "Mzee, ulijua?"

"Mimi si ndiye niliyetoboa? Shimo langu ni mapigo kumi na mawili. Siku ile nimekaa juu ya reli nahesabu, naona saba, sita, saba. Nikasema, ama Liswaniso ameota mkono wa tatu, ama kuna jambo. Halafu tukapewa ng'ombe. Nikala paja zima. Ningesema nini na paja mdomoni?"

"Lakini mbele ya mhandisi?"

Hapo aliacha mahindi. "Nilimwona mlangoni, ana vumbi la safari ya msiba. Nikasema, sasa anaingia. Nikajibu maswali taratibu ili apate nafasi. Hakuingia. Nikasema, atakuja jioni. Nikafunga godoro polepole. Basi. Baada ya hapo mimi kumtaja ingekuwa kama mtu anayejitetea, na yeye kujitaja ingekuwa aibu. Tukakaa hivyo."

"Alisema alikuja kwako," nilimwambia.

"Mara tatu. Mwaka 1975, mwaka 1983, na ule mwaka wa ukame mkubwa. Kila mara nilimpa maziwa ya mgando. Anakunywa, anasifu ng'ombe wangu, anaulizia mvua, anaondoka. Ile mara ya tatu nilimwambia mke wangu, leo tumnyime maziwa, labda atasema. Mke wangu akakataa, akasema mgeni ni mgeni."

Baba mdogo alicheka, kisha akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika kwa muda. Mzee Simasiku alimwacha. Alipoendelea alinitazama mimi.

"Mimi nimezoea kuitwa Shimo Pana. Lakini wajukuu zangu wanaitwa hivyo shuleni, na hawajui hata ni shimo la nini. Mmoja alipigana, akavunja jino la mtoto wa watu. Mtasoma wapi hayo maneno?"

"Kaburini, mbele ya watu wote. Na yatachapwa katika karatasi za mazishi."

"Watu wa genge wamebaki wangapi?"

"Watatu. Mzee Lubinda, Mzee Mukelabai na Mzee Wakunguma."

"Wakae mbele, masikio yao si mazima. Na usiseme fundi mmoja, au rafiki fulani. Sema jina langu na la baba yangu. Na useme kipimo."

Baba mdogo akamuuliza kama amemsamehe kaka yake.

"Kwanza isomwe," alisema. "Hilo lingine nitazungumza naye mwenyewe. Nitakuja na wajukuu wote saba. Nani atasukuma kiti changu cha magurudumu kwenye mchanga ule, hilo ni juu yenu."

Marehemu ameacha mjane, Mama Nasilele. Watoto watatu, Inonge, Sitali na Namakau. Wadogo zake wawili, Kufekisa na Mwendabai. Wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Kwaya ya kanisa la Nalikutu. Na vijana wote aliowafundisha nyundo, ambao leo ni wazee wenye wajukuu. Ameacha pia rafiki aliyeimba naye sauti ya tatu.

Mzee Lubinda, Mzee Mukelabai, Mzee Wakunguma, tunawaomba msikilize. Kwa agizo la marehemu na kwa kauli ya mjane wake, familia ya Mubiana inatamka kwamba mashimo ya kona ya Nalikutu, yaliyotobolewa mwezi Oktoba 1971 na Simasiku mwana wa Ndopu, yalikuwa na upana wa sehemu tano kati ya nane za inchi, sawasawa na amri ya kazi. Kosa lilikuwa la Liswaniso mwana wa Mubiana peke yake. Tunaomba radhi kwa Mzee Simasiku, kwa watoto wake, na kwa wajukuu wake saba walioketi hapa.

Kabla jeneza halijashushwa, Sitali na Baba mdogo Kufekisa watamsogeza Mzee Simasiku hadi ukingoni. Tunaomba watu wote warudi nyuma hatua ishirini, wanakwaya pia, ili azungumze na mwenzake bila kusikilizwa. Tutamsubiri hata ikichukua muda. Akiinua mkono, ndipo tutashusha.

Bwana uliyemvumilia baba yetu miaka hii yote, mpokee sasa, umpe pumziko lenye amani.